Siku Niliyomtembeza Ma Koku Bomani

Mzee Mfaume alipokufa nilikwenda Mikindani kumzika, na watu waliniangalia kama wanaona paka kaingia msikitini. Nilisimama safu ya pili, jicho langu moja zima kwenye jeneza. Shehe alipotugeukia akauliza tunamshuhudia vipi marehemu huyu, safu zote zikaitika kwa pamoja kwamba alikuwa mtu mwema. Mimi nilifunga mdomo. Sikusema mwema, sikusema mbaya. Jirani yangu wa kulia akanisukuma kidogo kwa bega, kama unavyomwamsha mwenzio aliyesinzia kwenye hotuba, na mimi nikamwachia bega asukume. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo haya nitayaandika kama ninavyoyasema, na watu nitawataja kwa majina. Walio hai wakikasirika, nyumba yangu iko Likombe, wanaijua.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami ndio kwanza nimeota ndevu. Nilikuwa nakaanga chapati kwenye hoteli ya Bi Somoe pale Mikindani, na kulala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya unga na madumu ya mafuta. Ukuta kati ya kitanda changu na ukumbi wa kulia ulikuwa wa mabati yenye matundu ya misumari ya zamani, basi kila walichosema wateja kilikuja kulala na mimi. Na mwaka ule walisema jambo moja tu, mumiani. Kwamba kuna watu wameteremka kusini, wanakamata binadamu, watoto hasa, wanawatoa damu na kwenda kuiuza. Fundi wa habari hizo alikuwa Bakari Mnyope, mwenye mashine ya kusaga. Wiki hii alisema wana gari jeupe lisilo na namba. Wiki inayofuata akasema gari wameliacha, wamegundua linawafichua, sasa wanakuja kwa miguu na mabegi makubwa. Nakumbuka usiku niliomsikia akisema, huku anavunja mwiba wa samaki, "Mumiani wa siku hizi haji na kisu. Anakuja na tabasamu na pipi." Watu hawakucheka. Wanawake walianza kuita watoto ndani kabla ya Alasiri. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba gunia peke yangu, lakini jua likizama nilikojoa kwenye kopo kuliko kutoka kwenda chooni, na asubuhi nikalimwaga kopo kabla Bi Somoe hajaamka. Leo nikisikia vijana wanasema watu wa zamani walikuwa wajinga, nawaambia walale kwanza kwenye chumba kile wasikie yale maneno yakipita kwenye mabati, kisha waje tuzungumze.

Ndani ya hofu hiyo ndipo alipokuja Ma Koku. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwalimu mstaafu, mjane, mwanamke mnene mwenye mwendo wa polepole na mwavuli mweusi. Alisema ameamua kuiona pwani ya nchi yake kabla hajafa, na ataiona bila haraka. Alikaa Tanga karibu mwezi, akakaa Bagamoyo, Kilwa, Lindi, na kila mji anatafuta jengo lake la kale, anashinda humo siku nzima, basi. Bi Somoe alimhoji mbele ya kila mtu. Una ndugu hapa? Hana. Biashara? Hana. Umetumwa na serikali? Hapana. "Sasa unatafuta nini, dada yangu?" Akasema, "Naangalia tu." Bi Somoe akarudi jikoni akicheka hadi akashika kiuno, kwamba mwaka huu kaletewa mteja anayelipa nauli kutoka ziwani kuja kuangalia kuta zetu zinavyobomoka. Bakari hakucheka. Nilimsikia kupitia mabati yangu akimwambia mtu kwamba mzungu akiangalia kuta, hiyo ndiyo kazi yake, lakini mtu mweusi anayeangalia kuta, huyo anaangalia kitu kingine.

Aliniomba mimi nimpeleke kwenye boma la Wajerumani pale juu, ambalo wakati ule lilikuwa gofu. Mwezi wa sita, shule zimefungwa, upepo wa baridi. Bi Somoe akaniita pembeni akanifungia chakula kwenye kitambaa, akasema, "Athumani, mpitishe kwanza kwa balozi. Ukimpitisha, mgeni ni wa mtaa mzima. Usipompitisha, mgeni ni wako peke yako." Nami nilimpitisha. Hilo nataka lieleweke, maana baadaye lilikanwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa huyo Mzee Mfaume, nyumba yake ipo chini kidogo ya boma. Tulimkuta barazani na redio yake. Ma Koku alimsalimu kwa heshima, akafungua kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na buni, kahawa iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa. Akaeleza kwamba kwao mgeni na mwenyeji hutafuna kahawa pamoja, ndiyo salamu. Mzee Mfaume akatafuna moja, akakunja uso kwa uchungu wake, akacheka, akazitia zilizobaki kwenye mfuko wa shati. "Mji wako huu, mama," akasema. "Tembea, choka, rudi." Wakati anasema hivyo, ndani ya nyumba mtoto alikohoa. Mzee yule aliishi na mkewe tu, watoto walishaoa na kuolewa. Akainama akaongeza sauti ya redio. Niliona, ila sikuwa na sababu ya kuliwaza.

Nimekwenda kwenye boma lile mara nyingi tangu siku hiyo, hata baada ya kukarabatiwa likapakwa chokaa, lakini ninaloliona kichwani ni lile la Ma Koku. Mtini ulikuwa umeotea juu ya ukuta na mizizi yake imeteremka kwenye mawe kama vidole. Paa hakuna. Ukiingia langoni unakutana na ua umejaa majani hadi magotini, na vyumba vinauzunguka, vingine vina milango, vingine ni midomo wazi tu. Sisi wenyeji hatukuingia mle. Tulipita nje tukienda kukata kuni. Yeye aliingia kila chumba. Alikuwa na kigoda cha kukunja kwenye begi lake kubwa, anakifungua, anakaa katikati ya chumba, anatia kiganja ukutani na kukiacha hapo. Mimi nasimama mlangoni nabadilisha mguu. Mume wake, aliniambia, alikuwa mtu wa haraka. Alikula haraka, akajenga nyumba haraka, akafa amesimama kituo cha basi. "Sasa mimi natembea kwa niaba yetu wote wawili," alisema, akapanguza jasho, akahamia chumba kingine.

Kilikuwepo chumba cha chini kisicho na dirisha. Tulisikia tangu utotoni kwamba humo walifungwa babu zetu, na kwamba ukitega sikio unasikia minyororo. Nilimwambia huko siingii. Akaingia na kigoda chake. Harufu ya popo ilitoka kama mtu amefungua mtungi wa siku nyingi. Nilibaki mlangoni nimeshika jiwe la ukuta, na nikaona kwamba hakukiweka kigoda katikati kama kule kwingine, amekiweka hatua moja tu kutoka kwangu. Nikamwuliza kwa nini hasogei ndani. "Na mimi naogopa, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nimekaa karibu na mlango." Tulikaa hivyo, yeye ndani na mimi nje, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikacheka kitu kinachohusu hofu. Watoto waliokuwa wakituchungulia toka langoni wakacheka pia. Ma Koku akatoka akawagawia pipi. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo. Maneno ya Bakari yalinipita kichwani, lakini utamwambiaje bibi mwenye umri wa mama yako kwamba asiwape watoto pipi?

Mchana tulipanda ngazi za mawe hadi juu kwenye mnara, tukafungua kitambaa cha Bi Somoe. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, na ming'oko ya kuchemsha. Ma Koku hakuwahi kuiona ming'oko, vile vizizi vyetu vya porini. Nikamwonyesha kuimenya, naye akaimenya mmoja mmoja, anatafuna, anaangalia ghuba, mapaa ya makuti, msikiti, moshi wa jiko la Bi Somoe. Aliuliza Ruvuma inaingilia baharini upande gani, nikamwonyesha kusini, nyuma ya Msimbati. Kesho yake ndiyo alikuwa aende huko. Baadaye akatandika shuka lake kwenye kivuli cha ukuta akalala. Mimi nilikaa nikisikiliza mashine ya Bakari inavyokoroma kule chini, na sitasahau kwamba niliona raha. Siku nzima sijafanya kitu na hakuna aliyenigombeza.

Halafu mashine ikanyamaza. Si saa yake ya kuzimwa. Niliinuka nikaangalia chini. Watu walikuwa wanatoka majumbani, wanakusanyika penye mashine, mikono inarushwa. Nilimtambua Hamisi Chitanda, shemeji yake balozi, kwa kanzu yake, anakimbia nyumba hadi nyumba. Akaenda kwa balozi. Nikamwona Mzee Mfaume anasimama barazani, anatikisa kichwa hapana, mara mbili, amesimama mbele ya mlango wake. Toka juu sikusikia neno hata moja. Niliona tu vile wote, kama wamevutwa na kamba moja, walivyogeuza nyuso zao kuangalia boma. Nikamwamsha Ma Koku. Nilimshika bega, naye akaushika mkono wangu. Njia ya kutoka ni moja, ile ngazi.

Yaliyotokea nyuma ya pazia niliyajua baadaye, nayaeleza hapa ili mtu asipotee. Hamisi Chitanda alikuwa na mtoto wa kiume, Swalehe. Mama yake Swalehe ni dada wa Mzee Mfaume, na kwetu huku mjomba ana neno zito juu ya mtoto kuliko baba. Mfaume alitaka kijana aende jandoni kama wajomba zake, kule porini upande wa Msimbati. Hamisi alitaka akatahiriwe hospitali, yaishe. Waligombana tangu mfungo. Basi alfajiri ya siku hiyo Mfaume akamchukua mtoto kimya kimya akamficha ndani kwake, apelekwe jandoni jioni, baba aje kushtuka mambo yamekwisha. Hesabu yake ilikuwa hiyo. Ila baba alishtuka mchana, na mjini tayari kulikuwa na mgeni mwenye begi kubwa anayegawa pipi.

Walitukuta kwenye ngazi. Bakari Mnyope mbele, na mpini wa jembe. Hawakutupiga pale, walituteremsha uwanjani kwa balozi, maana mshtakiwa hupelekwa kwa balozi, hata siku ya wazimu watu wanafuata utaratibu. Hamisi alimshika Ma Koku kanga akawa anauliza jambo lilelile, mtoto wangu yuko wapi, sauti imekauka. Simlaumu sana huyo. Bakari alilimwaga begi chini. Kigoda, shuka, chupa ya maji, kile kifurushi. Akakifungua, akakinyanyua juu watu waone. "Dawa ya kulaza watoto hii." Watu wakarudi nyuma kama kimetoka nyoka. Ma Koku akasema ni kahawa, na ili kuwaonyesha akatafuna moja. Mtu akasema mchawi hadhuriki na uchawi wake.

Mimi nikapaza sauti. Nilisema huyu mama alipita kwa balozi, na kahawa hiyo balozi kaila, anazo mfukoni mwa shati. "Balozi, sema." Mzee Mfaume alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango wake. Niliona mkono wake ukipanda taratibu hadi kwenye mfuko, ukaufunika. Neno moja lilitosha. Alikuwa na maneno mawili hata, kwamba mgeni kapokewa na kwamba mtoto yupo. "Balozi, sema," nikarudia, na sasa nilikuwa nalia. Akaniangalia, akaangalia mpini wa Bakari. Akasema, "Mimi huyu mama simjui."

Bakari Mnyope ndiye aliyenitoa jicho. Wengine waliopiga nawajua pia: Juma Likwawa, na Saidi muuza mabati. Juma alimvunja Ma Koku mkono alipoutanguliza kuzuia kichwa changu. Nasema tena, kichwa changu. Kilichotuokoa ni Bi Somoe, aliyekuja na sufuria ya mafuta yanayochemka, vitambaa mkononi, akipita katikati ya wanaume kama anapita sokoni. "Anayemtaka Athumani wangu," alisema, "aanze na haya." Hawakumjaribu. Tulipakiwa kwenye lori la simenti hadi hospitali ya mjini. Ma Koku alilala wodi ya wanawake siku chache, kisha akaondoka na ndugu aliyemfuata. Kabla hajaondoka alikuja kukaa kando ya kitanda changu, mkono umefungwa shingoni, akaweka kiganja chake kizima kwenye paji langu na kukiacha hapo, kama alivyofanya kwa zile kuta. Sikumwona tena. Na mdomo wa Ruvuma hakuuona.

Swalehe alitoka jandoni na wenzake baada ya wiki kadhaa. Mimi nilikuwa nimerudi chumba changu cha nyuma, nimefungwa bandeji, na ngoma zilipita mbele ya hoteli. Nilisikia kupitia mabati wanavyoshangilia, vigelegele, nguo mpya, mtoto wa Hamisi kawa mwanamume. Nikasikia sauti ya Bakari Mnyope inaimba. Mtoto aliyenyonywa damu alipita mita chache toka kitandani kwangu akiwa mnene kuliko alivyoondoka, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi chumbani. Hamisi alishakubaliana na shemeji yake, aibu wakagawana, na hadi anakufa hakuitaja siku ile. Mzee Mfaume naye, kila Idi ya kuchinja, aliniletea nyama. Fungu zuri, la paja. Nilikula. Nyama haina kosa. Lakini mtu aliyeileta sikuzote aliiweka mlangoni na kuondoka, na neno nililokuwa nalisubiri halikuwahi kuja na ile nyama. Niliogopa nini miaka yote hiyo? Si Bakari. Niliogopa kwamba watakufa mmoja mmoja wakiwa watu wema, na mimi nitabaki kuwa yule kijana aliyewahi kutembea na mumiani. Mama mmoja mtaani Chikongola alimvuta mwanawe upande wa pili nilipopita, na mtoto mwenyewe alizaliwa miaka kumi baada ya siku ile.

Basi tulipotoka kaburini kumzika Mzee Mfaume, tukakaa kwenye mikeka uwanjani kwa marehemu, uwanja uleule. Msemaji wa familia akasimama. Alikuwa Swalehe, mtu mzima sasa, mwili mkubwa, mpwa na mrithi wa mjomba wake. Akasema kama desturi, mwenye kinyongo na marehemu aje kwangu, deni lake nimelichukua mimi. Watu wakaitika, wakaanza kunawa. Mimi nikainuka nikamfuata pembeni ya nyumba. Hakuniuliza mjomba wake alinikosea nini.

"Nilikuwa ndani," akasema. "Kwenye magunia ya korosho, nyuma ya mlango huo. Nilianza kulia, mjomba akaingia akanipa kahawa za yule mama nitafune ninyamaze. Chungu, zina harufu ya majani. Aliniambia nikitoa sauti baba yangu atauawa." Akashusha pumzi. "Nilikusikia, kaka Athumani. Unamwambia, sema. Mpaka leo mtu akiniita kwa kupaza sauti, nashindwa kuitika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Miaka yote nilidhani yule mtoto hajui. Nilimwangalia, na nikaona hofu ninayoijua, ile ya mlango wa chumba kisicho na dirisha. Nikamwambia, "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo. Waambie wale."

Akarudi mbele ya mikeka, akaomba watu waache kunawa. Akasema siku ile ya boma yeye hakuchukuliwa na mtu. Alikuwa nyuma ya mlango huu, kawekwa na mjomba. Yule mama alipokewa na balozi, na Athumani alisema kweli. Sauti yake ilikuwa ndogo, walio nyuma wakawauliza walio mbele kasema nini, na wa mbele wakawarudishia, hivyo nikalisikia likisemwa mara mbili, mara tatu, likirudi nyuma mkeka kwa mkeka. Bakari Mnyope alikuwepo, mzee wa kushikwa mkono. Aliangalia sinia la pilau akasema mambo hayo ni ya zamani. Toka upande wa wanawake ikaja sauti ya Bi Somoe, ambaye sikujua kama bado anasikia vizuri. "Ya zamani kwako, Bakari, wewe una macho mawili."

Pilau ililiwa. Swalehe alikuja kukaa kushoto kwangu, upande nisioona, tukala sinia moja. Shehe hakurudia swali lake la msikitini, si desturi kuuliza mara mbili. Ila angeliuliza tena pale uwanjani, tunamshuhudia vipi marehemu huyu, zile safu zisingeitika kwa pamoja.